Redio ya Baba yarudi Mombasa kusaka sauti yake

MSOMAJI, ikiwa nyumbani kwenu mna redio kuukuu ya mbao iliyogeuzwa kuwa meza ya kuwekea maua, tafadhali usiwauzie wanunuzi wa vyuma vikuukuu kabla ya kusoma makala haya. Mimi nilikaribia kufanya kosa hilo. Tena nilifanya kosa jingine kubwa zaidi: nilimwambia mzee wangu jambo ambalo sikuwa na hakika nalo.

Redio ninayoizungumzia ni ya baba. Aliinunua Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa kijana karani bandarini. Ni sanduku la mbao lenye kitambaa cha rangi ya kahawia mbele, vitufe vinne vyeupe kama meno ya mtoto, na kioo chenye nambari za mitabendi. Ndani hamna transista hata moja. Mna valvu tano, zile taa za kioo ambazo ni lazima zipate moto kwanza ndipo redio izungumze. Sisi watoto tulikuwa tukihesabu kwa sauti tukingoja. Aghalabu tulifika ishirini na tano.

Kwa redio hiyo baba alisikiliza Sauti ya Mvita, kituo cha papa hapa Mombasa katika miaka ile. Alisikiliza Sauti ya Cairo kwa Kiswahili. Alisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kutangaza mwezi Juni mwaka 1957. Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, majirani walijaa ukumbini hadi barazani kusikiliza bendera ya Kenya ikipandishwa Nairobi.

Sasa baba amepita umri wa miaka 85, na macho yake yamezimwa na ugonjwa wa presha ya macho. Nilimnunulia redio ndogo ya betri. Alishukuru, kisha akasema kwa upole kuwa yalia kama nzi aliyefungiwa chupani. Alichotaka ni redio yake. Nayo ilikuwa imefifia. Ukiifungulia sauti hadi mwisho, ulisikia kituo kimoja tu kikinong'ona, kana kwamba mtangazaji yuko chini ya mto wa kulalia.

Basi niliibeba hadi Nairobi ninakofanya kazi, nikampa fundi mmoja. Alikaa nayo miezi mitatu, akabadilisha valvu tatu, akakaza na kulegeza skrubu alizoziona, akanitoza Sh9,000. Ilinong'ona vile vile, labda chini zaidi. Hapo ndipo nilipompigia baba simu nikamwambia: "Baba, tatizo si redio. Stesheni zenyewe zimekwisha. Siku hizi watu wako kwenye FM na simu."

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Wamekwisha wote?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za watu wa rika lake. Sikulala vizuri usiku huo. Ni kweli kwamba idhaa nyingi za kigeni zimepunguza au kufunga matangazo yao ya masafa mafupi. Lakini je, zimekwisha zote? Mimi nilijuaje, na chombo nilichosikilizia ni kibovu?

SAFARI YA SANDUKU

Niliifunga redio kwa leso mbili na blanketi, nikapanda treni ya asubuhi. Kama umewahi kusafiri kwa treni hii iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 baada ya ile ya zamani kuchakaa, utajua kuwa pale stesheni ya Nairobi mizigo hupangwa mstari chini ili mbwa wa polisi waje kunusa. Mbwa alipita mabegi yote bila shida. Alipofika kwenye redio ya baba alisimama, akanusa, akanusa tena.

"Ni nini hiki?" afisa aliuliza.

"Redio, afande."

"Redio gani hii kama sanduku la nguo?"

Nilifungua leso. Afisa alitazama, akatabasamu, akaniambia babu yake alikuwa nayo kama hiyo kule Kakamega. Mbwa akavutwa, tukaendelea. Nadhani alichonusa ni panya wa zamani.

Njia nzima kupitia Tsavo nililishikilia sanduku kwa miguu. Ukiteremka Miritini, joto la pwani hukupokea kama shuka lililoloa. Nilichukua matatu hadi mjini, kisha tuktuk hadi Fort Jesus, ngome waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593, ikawa gereza wakati wa Waingereza, kisha jumba la makumbusho tangu 1960. Kutoka hapo, msomaji, ingia Mji wa Kale kwa miguu. Fuata Ndia Kuu, pita chini ya roshani za mbao zilizochongwa, wapishe wachuuzi wa kahawa wanaogonganisha vikombe, na uendelee mpaka harufu ya samaki ikuambie kuwa bandari ya kale i karibu. Katika kichochoro kimoja huko kuna chumba kisichozidi hatua nne kwa tatu. Hakina kibao. Ukisikia taarabu ikitoka mahali usipopaona, ndipo hapo.

Fundi mwenyewe ni mzee aliyejifunza kazi hii melini. Alikuwa na kofia ya kiua na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya paji la uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Redio hino ni ya nani?"

Nilimweleza yote, pamoja na niliyomwambia baba. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mtu akiwa hasikii, kwanza huangaliwa masikio yake. Hakuna aanzaye kusema watu wote wamekuwa mabubu."

IGAWE KATIKATI

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kuwa hakuichomeka redio kwenye umeme. Aliifungua nyuma, akaipuliza vumbi, akainusa, akatazama kila waya kwa tochi. Alinionya, nami nakuonya wewe: redio ya valvu ina umeme wa zaidi ya volti 200 ndani yake, na kapasita zake kubwa huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuzimwa. Kuna nyingine zisizo na transfoma, ambazo bati lake lote la ndani huweza kuwa na umeme. Kwa hivyo kama wewe si fundi, kazi yako ni kuifuta sanduku na kuibeba. Yaliyo ndani mwachie anayeyajua.

Alipoona kapasita za karatasi na nta zimepasuka, alibadilisha kwanza ile inayolinda valvu ya kutoa sauti, kwani ikivuja huiua valvu hiyo na pengine kuiunguza transfoma. Ndipo alipoichomeka.

Kisha akachukua kaseti yake ndogo, akapitisha waya hadi kwenye tundu la nyuma lililowekwa kwa ajili ya santuri. Taarabu ikajaa chumba kizima, nene na tamu, mpaka vikombe vikatetemeka. Niliruka. Redio ya baba ilikuwa na sauti!

"Waona?" alisema. "Umeme wa ndani uko sawa. Valvu ya sauti iko sawa. Spika iko sawa. Nusu ya redio imesalimika. Ugonjwa uko nusu ya mbele, ile inayopokea."

Hiyo, msomaji, ndiyo siri ya kwanza. Redio inayonong'ona usiikisie. Igawe katikati. Ikiwa santuri au kaseti inasikika vizuri kupitia kwayo, hakuna haja ya kununua spika wala valvu ya sauti. Fundi wangu wa Nairobi alikuwa amebadilisha hiyo hiyo valvu ya sauti, EL84, ambayo haikuwa na kosa. Mzee aliiweka ile ya zamani mahali pake, nayo ikaimba vile vile. "Valvu hufa," alisema, "lakini husingiziwa mara nyingi kuliko zinavyokufa."

Baada ya hapo alishika mita ya umeme. Alianza na valvu ya kwanza upande wa kupokea, iitwayo ECH81. Mahali panapotakiwa kuwa na takriban volti 100, mshale ulisimama kwenye 42. Alizima redio, akangoja, akaondoa umeme uliobaki katika kapasita, ndipo akapima rezista inayopeleka umeme huo. Ilikuwa imeandikwa ohmu 22,000. Mita ilisema zaidi ya 80,000. Rezista za kaboni za miaka ile, zikipikwa na joto kwa miaka mingi, huongezeka ukaidi na kuibana valvu njaa. Mpya ilikuwa ya shilingi chache tu. Alipoilehemu, mnong'ono ukawa mazungumzo.

Halafu akaja kwenye kosa langu, yaani zile skrubu zilizokazwa na kulegezwa Nairobi. Ndani ya vikopo viwili vya alumini mna koili zinazotakiwa kuitikia mdundo mmoja. Katika redio nyingine mdundo huo ni kilohezi 452, katika nyingine 470, kutegemea aliyeiunda. Ukigusa skrubu zake bila kipimo ni sawa na kulegeza nyuzi za udi kisha ukalaumu mpigaji. Mzee alitoa mashine ya kutengeneza ishara, akatumia bisibisi ya plastiki, kwani ya chuma huvuruga koili zenyewe, akageuza robo, akarudi nyuma kidogo, akitazama mshale wa mita ukipanda. Kazi hiyo ilichukua muda wa vikombe viwili vya kahawa.

CHUMVI YA BAHARI

Hata hivyo bado haikuwa redio ya baba niliyoijua utotoni. Ilishika vituo vitatu, vyote kwa tabu. Mzee alitikisa kichwa. Akatoa waya wa antena kwenye tundu lake, akaunganisha kapasita ndogo kwenye ncha yake, akaugusisha ndani, kwenye ile mitambo ya mabamba yanayozunguka unapotafuta stesheni.

Sauti iliruka kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Basi," alisema. "Mlango wa mbele umefungwa. Mgeni anabisha, hakuna wa kumfungulia."

Kati ya tundu la antena na mabamba yale kuna koili ya waya mwembamba kama unywele. Alinipa kioo cha kukuzia nikachungulia. Penye kijipini ambapo waya ule huunganishwa kulikuwa na doa la kijani, na waya ulikuwa umekatika. Ni shaba iliyoliwa na chumvi. Miaka zaidi ya sitini katika nyumba iliyo hatua chache kutoka baharini si mchezo.

Kumbe mzee hakuichukia bahari kwa hilo. Alinieleza kuwa maji ya chumvi hupitisha mawimbi ya masafa ya kati vizuri kuliko nchi kavu, ndiyo sababu tangu zamani watu wa Mombasa wameweza kusikia sauti za mbali za mwambao. "Bahari iletayo sauti ndiyo hiyo hiyo ilayo waya," alisema, huku akisafisha ncha ya waya kwa wembe, taratibu kama anayenyoa mtoto mchanga. Akalehemu. Akarudisha antena kwenye tundu lake.

Alinitoza Sh2,500. Nilitaka kuongeza, akakataa, ila akasema angekuja nyumbani jioni, maana kazi haijaisha. Nilidhani anatania.

NYUMBA NAYO NI SEHEMU YA REDIO

Nyumba yetu iko Kibokoni. Dada yangu mkubwa, anayemtunza baba, alitupokea kwa chai ya maziwa na mahamri kwa mbaazi. Baba alikuwa amekaa kitini pake, mkono wake tayari umenyooka. Nilimpa shikamoo, akaitikia, lakini alichokitafuta ni sanduku. Alilipapasa, akahesabu vitufe, akagusa kile cha kushoto chenye ufa. "Ndiyo," alisema.

Mzee fundi hakukaa. Aliuliza waya wa antena uko wapi. Dada akacheka: jirani alipojenga ghorofa, waya uliteremshwa ukawa kamba ya kuanikia nguo! Kwa hivyo hata redio ingekuwa mpya isingesikia kitu. Msaidizi wake alipanda darini, akavuta waya mpya wa mita kama kumi na mbili, akaufunga kwenye vikombe vya kauri pande zote mbili ili usiguse ukuta, na akauweka mbali kabisa na nyaya za umeme. Wa ardhini, ambao mafundi huuita athi, aliuunganisha na fimbo ya shaba aliyoigongomelea uani kando ya kisima cha zamani, ambako udongo haukauki. Zamani watu walifunga kwenye bomba la maji, alisema, lakini siku hizi mabomba mengi ni ya plastiki. Tena akasisitiza kuwa mvua ya radi ikija, antena ichomolewe mapema.

Kisha alifanya jambo lililowachekesha watoto wa dada. Aliichukua ile redio ndogo ya betri, akaiweka mahali pasipo na stesheni, akazunguka nayo nyumba nzima kama mganga anayesaka uchawi. Jikoni ikavuma bzzz. Chaja ya simu. Ikachomolewa, ikanyamaza. Kando ya televisheni ikakoroma. Ikazimwa. Mwaka 1959 ukumbi huu ulikuwa na balbu moja tu ya waya wa moto. Leo kila ukuta una kitu kinachopiga kelele ambazo sikio halisikii lakini redio husikia. Kelele hizo zikizidi, stesheni ya mbali huzama ndani yake, nawe hudhani imekufa.

Basi, msomaji, nikufupishie. Redio ya valvu ikinong'ona, anzia nje: antena, athi na vyombo vya umeme vilivyo jirani. Kisha mwombe fundi aigawe katikati kwa kujaribu santuri au kaseti. Apime umeme kwa mita kabla ya kubadilisha valvu. Skrubu za koili zisiguswe bila kipimo. Na koili ya antena itazamwe, hasa kama unaishi pwani. Zaidi ya yote, usiipime mchana. Jua likiwa juu, kuna tabaka angani linalomeza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi yakapanda juu zaidi na kurudishwa chini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka.

Ndiyo sababu mzee alisema tungoje magharibi. Adhana ziliitikiana kutoka misikiti ya Mji wa Kale, watu wakaswali, wakarudi. Baba alibonyeza kitufe mwenyewe. Watoto wa dada, ambao hawakuwa wameiona redio hiyo ikiwaka, walihesabu kama tulivyohesabu sisi. Walifika ishirini na saba.

Ikaguruma. Baba akaanza kuzungusha, taratibu, kwa vidole viwili. Akapita kituo cha karibu bila kusimama. Akapita kingine. Kisha ikaja sauti ya mwanamume akisoma kwa Kiarabu, ikafifia, ikarudi kama wimbi. Mbele kidogo, Kihindi. Mbele kidogo, mtu akizungumza Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, habari za bei ya karafuu. Baba alisimama hapo.

"Wapo," alisema.

Nilimwambia, "Nisamehe, Baba. Nilikwambia wamekwisha."

"Wengine wamekwisha," alijibu. "Lakini si wote."

Bado kulikuwa na mvumo mdogo nyuma ya sauti ile. Mzee fundi aliinama na redio yake ya betri, akaielekeza juu. Ilikuwa ni taa ya ukumbini yenyewe, balbu hizi za kisasa zinazookoa umeme. Alitutazama, hakutaka kusema. Ukumbi ulikuwa na watu tisa na vikombe vya chai mkononi.

Baba ndiye aliyesema. "Izimeni," alisema. "Mimi siihitaji."

Dada akaizima. Tukakaa gizani sote, tukisikiliza, na baba ndiye aliyejua kitufe kiko wapi.